Kupanda Meru wakati wa kiangazi: hesabu vitanda kabla ya kilele

Wengi wanaopanga kupanda Mlima Meru huanza na kilele: kina mita ngapi, safari ni saa ngapi, na ile picha ya jua likichomoza upande wa Kilimanjaro hupigwa wapi. Nakuomba uanze na mahali utakapolala. Mlima huu wa mita 4,562 hauna kambi nyingi za kuchagua. Kuna Miriakamba, mita 2,514, na kuna Saddle Hut, mita 3,570, basi. Ukitoka ya kwanza kwenda ya pili, mwili wako unapanda zaidi ya mita elfu moja kwa siku moja na kutakiwa ulale hukohuko juu, na hapo ndipo safari nyingi hufaulu au huvunjika. Ukizipanga vizuri siku hizo, kilele kitakuwa kazi ngumu inayowezekana. Ukizipanga vibaya, hata mapafu ya mkimbiaji hayatakuokoa.

Naandika haya nikiwa naupenda mlima huu, na inaniuma kila ninaposikia unatajwa kama mazoezi ya Kilimanjaro. Kule Kilimanjaro hutembei siku ya kwanza huku kundi la nyati likikutazama na twiga akichuma majani kando ya njia. Wala usiku wa kilele hupiti kwenye ukingo wa kasoko ambayo ukuta wake umeporomoka kwa takriban mita 1,500 hadi chini. Meru unastahili likizo yake wenyewe, na mtu aliyeupangia siku za kutosha huuona hivyo.

Mwezi gani, na baridi ya namna gani

Mtu wa pwani akisikia kiangazi huwaza joto. Huku kaskazini kiangazi ni ukavu tu. Baridi ipo palepale, na Julai ndio mwezi wake. Piga hesabu mwenyewe. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000. Mji wa Arusha uko kwenye mita 1,400 hivi, na usiku wa Julai baridi yake inaweza kufika nyuzi 12. Kutoka hapo hadi kileleni ni mita 3,100 na ushee, kwa hiyo umepoteza nyuzi 18 au 19. Uko chini ya sifuri, maji kwenye chupa yanaanza kuganda, na bado hujauhesabu upepo.

Msimu wenyewe hufunguka masika yakishaisha. Mwanzoni mwa Juni njia ya msituni huwa bado ina tope na utelezi, lakini kuanzia katikati ya mwezi hukauka na kubaki hivyo hadi Oktoba, kabla vuli haijaanza kunyemelea. Julai na Agosti ndiyo miezi ambayo wageni kutoka Ulaya na Marekani wako likizo, kwa hiyo vitanda vya kambini hugombewa. Ndiyo miezi pia yenye sikukuu zetu mbili, Saba Saba na Nane Nane, ambazo mfanyakazi anaweza kuziunganisha na mwisho wa wiki akapata siku nne au tano bila kula likizo yake yote. Ukichagua Nane Nane, weka nafasi mapema sana, kwa sababu Arusha yenyewe hujaa watu wa maonyesho na nyumba za wageni hujaa pamoja nao.

Mimi ningechagua nusu ya pili ya Juni, au Septemba. Juni msitu bado ni wa kijani kibichi na vumbi halijapanda angani. Septemba baridi imepungua kidogo na umati umepungua, ingawa moshi wa mashamba yanayochomwa na vumbi la nyanda huweza kuififisha Kilimanjaro mchana.

Usiwasikilize wanaokutisha kwamba Juni hadi Agosti hakuna cha kuona. Ni kweli, Arusha mjini unaweza kuamka siku kadhaa mfululizo usiuone mlima kabisa, mji mzima umefunikwa na wingu zito la kipupwe. Wingu hilo hukaa chini. Mara nyingi ukishavuka mita 3,000 unatokeza juu yake, anga liko wazi na nyota zimejaa.

Baada ya kuchagua mwezi, angalia na mwezi wa angani. Usiku wa kilele unatembea gizani kwa saa nne au tano, na mbalamwezi hubadilisha safari nzima: unaona ukingo uko wapi, unamwona mwenzako, na woga unapungua. Anayefuata kalenda ya Kiislamu hana haja ya kuuliza. Atafute tarehe 13, 14 na 15. Asiyefuata aulize jirani.

Siku ngapi

Kampuni nyingi zitakuuzia Meru kwa siku tatu au nne. Ile ya siku tatu ni rahisi kwa bei na ghali kwa mwili. Siku ya tatu unaamshwa katikati ya usiku, unapanda karibu mita elfu moja hadi kileleni, halafu unateremka moja kwa moja hadi lango la Momella lililo kwenye mita 1,500. Hizo ni zaidi ya mita 3,000 za kuteremka kwa siku moja, kwa magoti ambayo hayakulala. Nimewaona watu wenye afya njema wakishuka zile ngazi za mbao kinyumenyume kwa maumivu. Ile ya siku nne inaligawa teremko hilo: ukitoka kileleni unalala tena Miriakamba, kesho yake unamalizia. Tofauti ya bei ni ya usiku mmoja. Kama bajeti yako inaruhusu siku tatu tu, subiri mwakani.

Lakini siku ya nne inasaidia wakati wa kushuka tu. Tatizo la kupanda linabaki. Wataalamu wa tiba ya milimani hushauri kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande kwa zaidi ya mita 500 kwa siku. Kutoka Miriakamba hadi Saddle ni mita 1,056 kwa siku moja, na katikati hakuna kambi. Kwa mtu anayetoka Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, ambaye juzi alikuwa usawa wa bahari, hiyo ni hatua kubwa mno. Ndiyo maana ushauri wangu kwa watu wa pwani ni siku tano: lala usiku mbili Miriakamba, na siku ya katikati tembea taratibu hadi kwenye sakafu ya kasoko, ukae chini ya ule ukuta mkubwa, urudi kambini kula na kulala. Hiyo siku ya mapumziko ndiyo itakayokufikisha kileleni.

Kama siku tano haziwezekani, angalau lala Arusha usiku mbili kabla ya kuanza. Kupanda basi la Dar Ijumaa, kushuka Arusha usiku wa manane, na Jumamosi asubuhi kuwa langoni ni kuuanza mlima ukiwa umeshachoka.

Fedha na karatasi

Bei sitakutajia, kwa sababu tozo za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, huweza kubadilika mwaka mpya wa fedha unapoanza, tarehe 1 Julai. Hilo lenyewe ni la kuzingatia: ukiuliza bei Mei kwa safari ya Julai, taja tarehe ya safari, upewe kiwango cha siku hiyo. Jua tu kwamba raia wa Tanzania na wa nchi nyingine za Jumuiya ya Afrika Mashariki hulipa kiwango chao, kilicho chini sana kuliko cha mgeni kutoka mbali. Ili upewe kiwango hicho lazima uwe na kitambulisho mkononi: cha taifa, au pasipoti. Mkenya anayevukia Namanga aje na hati yake ya kusafiria, na asiifungie kwenye begi la mpagazi.

Malipo ya hifadhi hayapokelewi kwa fedha taslimu. Utapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, ulipe benki au kwa simu. Mwombe anayekupangia safari akuonyeshe mchanganuo: ada ya kuingia kwa kila saa 24, kitanda cha kambini kwa kila usiku, ada ya uokoaji, askari, mwongozaji, mpishi, wapagazi, chakula, gari. Anayekataa kuutoa mchanganuo huo mara nyingi amebana mahali, na mahali penyewe huwa ni kwenye chakula au kwenye ujira wa wapagazi.

Askari wa uhifadhi mwenye bunduki si hiari. Msitu wa chini una nyati wengi, wapo tembo, yupo chui, na hakuna anayeruhusiwa kutembea bila yeye. Askari mmoja huongoza kundi, na wakati mwingine makundi madogo huunganishwa chini ya askari mmoja. Hilo lina maana kwako: ikiwa wenzako wa kundi wana haraka, mtavutana. Jitambulisheni mapema pale Momella, mkubaliane mwendo, na aliye taratibu kuliko wote atangulie nyuma ya askari.

Mwili na mavazi

Anza mazoezi wiki nane kabla, na yawe ya kupanda na kushuka. Kukimbia ufukweni kunajenga pumzi, lakini hakufundishi mapaja kazi ya kuteremka. Panda ngazi za jengo refu ukiwa na begi la kilo sita mgongoni, shuka nalo, rudia. Ukiwa Dar, milima ya Pugu na Kisarawe inatosha kwa Jumapili ya kawaida, na mara moja au mbili nenda Morogoro ukapande Uluguru siku nzima. Ukiwa Nairobi, una Ngong na Longonot. Mazoezi yote yafanye na viatu vilevile utakavyopandia mlima. Kiatu kipya siku ya kwanza ya Meru ni malengelenge siku ya pili.

Usitumie mamilioni kwa nguo. Jaketi za manyoya ya bata, suruali zisizopitisha upepo, fulana za sufu na za nailoni zinazokauka haraka, vyote vimejaa mitumba, na watu wa Moshi watakuambia soko lao la Memorial ndiko kwenyewe. Nenda mapema, siku wanapofungua mzigo. Angalia zipu, pulizia kitambaa uone kama kinapitisha hewa, nusa. Pamba iache nyumbani: fulana ya pamba ikilowa jasho hukaa na ubaridi wake hadi asubuhi. Unachohitaji ni tabaka tatu unazoweza kuvua na kuvaa njiani, jaketi nene ya kuvaa ukiwa umesimama, koti la mvua, boshori, glovu jozi mbili, na soksi nzito ambazo utazitenga kwa usiku wa kilele tu.

Vitu vinavyokodishwa Arusha kwa bei nafuu ni begi la kulalia, fimbo za kutembelea na tochi ya kichwani. Begi la kulalia liulizie linastahimili nyuzi ngapi, na usikubali lisilofika sifuri. Fimbo zichukue mbili hata kama unajiona kijana. Utazishukuru kwenye teremko. Betri za tochi zilaze nawe ndani ya begi, pamoja na simu, kwa sababu baridi hunyonya chaji. Ongeza miwani ya jua, mafuta ya kukinga jua na mafuta ya mgando ya midomo na pua. Weusi wa ngozi hauzuii kuungua huko juu.

Chupa za maji ziwe za kudumu, za lita tatu kwa jumla. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, kwa hiyo nguo zako zifungie kwenye mifuko ya kitambaa au kiroba. Maji ya kambini hutoka kwenye vijito. Yachemshwe au yatiwe dawa. Wenyeji wa mitaa ya chini watakuambia pia kuhusu floridi, ambayo kuchemsha hakuiondoi na ndiyo iliyopaka meno ya watoto wengi wa upande huu rangi ya kahawia. Kwa mgeni wa siku nne haina madhara, lakini ni jambo la kulifahamu kuhusu mahali unapokwenda.

Begi la kumpa mpagazi lisizidi kilo 15. Atabeba na vyake. Muulize mwenye kampuni, kabla hujalipa, wapagazi wanalipwa kiasi gani kwa siku na kama wanakula milo mitatu. Swali hilo likiulizwa na Mtanzania mwenzao lina uzito wake.

Njiani

Kutoka Arusha unafuata barabara ya Moshi hadi ukivuka Usa River, kisha unakata kushoto kuelekea lango la Ngongongare, halafu Momella. Yapo magari ya abiria yaendayo Ngarenanyuki kupitia njia hiyo, lakini ratiba yake ni ya wanakijiji na mizigo yao, kwa hiyo kundi la watu watatu au wanne ni bora mkodi gari. Fikeni Momella kabla ya saa nne asubuhi. Kuandikishwa na kugawa mizigo huchukua muda.

Ukiwa kwenye barabara hiyo, kumbuka uko jirani na Ngarenanyuki, au Engare Nanyuki. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru kutoka ardhi yao huko ili iwape walowezi. Wameru walichanga fedha, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet hadi New York kuwatetea mbele ya Umoja wa Mataifa. Ardhi haikurudi wakati ule, lakini madai yale yaliwaamsha Watanganyika wengi waliokuja kudai uhuru. Ningependa kila mwongozaji awasimulie wageni habari hii kabla ya kuwasimulia habari za filamu iliyopigwa Momella miaka ya sitini.

Siku ya kwanza kuna njia mbili za kwenda Miriakamba. Fupi hukata mbugani moja kwa moja na kupanda kwa nguvu. Ndefu huzunguka msituni, ikipita chini ya mti wa jamii ya mkuyu ambao mizizi yake imejenga tao kubwa la kupita gari. Panda kwa ndefu, shuka kwa fupi. Njia ndefu hukupa saa tano au sita za mwendo wa kuzoea, na mbega weupe kwa weusi wakirukaruka juu ya kichwa chako. Ukikutana na nyati, simama nyuma ya askari na usikimbie. Yeye anajua umbali. Kazi yako ni kunyamaza.

Siku inayofuata ni ngazi. Ngazi za mbao na udongo, mamia kwa mamia, hadi Mgongo wa Tembo, ambapo miti inaanza kufupika na upepo unaanza kusikika. Hapa ndipo waongozaji husema pole pole, na hapa ndipo watu hawasikii. Mwendo sahihi ni ule unaokuruhusu kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Ukishindwa kuzungumza, umekwenda mbio. Watu wengi hufika Saddle mchana, baada ya saa tatu hadi tano.

Ukifika Saddle usijitupe kitandani. Kunywa chai, kula, pumzika saa moja au mbili, kisha jioni panda Little Meru, kilele kidogo cha mita 3,800 na ushee kilicho karibu na kambi. Ni mwendo wa saa moja kwenda. Kupanda juu kidogo na kurudi kulala chini husaidia mwili kuizoea hewa nyembamba, na kutoka hapo utaiona njia yote ya kesho imejipinda juu ya kasoko. Utaona pia Ash Cone, kilima cha majivu cha mita 3,667 kilichosimama ndani ya shimo, na utaelewa mlima huu ulivyovunjika: yapata miaka 8,000 iliyopita upande wake wa mashariki uliporomoka, na kifusi chake ndicho kilichotengeneza vilima na mabonde ya Momella ambamo maziwa yamekaa. Mara ya mwisho mlima kutoa majivu ilikuwa mwaka 1910.

Usiku wa kilele mnaamshwa kama saa sita usiku na kuondoka saa saba au saa nane. Kula kitu hata kama huna hamu: uji, biskuti, chai yenye sukari nyingi. Mfukoni weka kashata, karanga na glukosi, karibu na mwili zisigande. Hadi Rhino Point njia inapanda kwa ukali, kisha inafuata mwamba ambao kuna mahali unaushika kwa mikono, halafu inashika ukingo. Kushoto kasoko, kulia mteremko wa mlima. Usiku wote huo unatembea katikati. Usipige picha ukiwa unatembea. Ukiwa na kizunguzungu cha urefu, mwambie mwongozaji mapema, atatembea upande wa kasoko nawe utazame visigino vya aliye mbele yako.

Mnachukua saa nne hadi sita kufika. Jua huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu, na kama halijawakuta kileleni msihuzunike: ukingo mzima unatazama mashariki, na Kilimanjaro huonekana vilevile mkiwa nusu ya njia. Kwa kweli ningependelea kuwa hapo kwenye ukingo, ambapo mtu anaweza kusimama mahali salama akaliona jua likigusa ukuta wa kasoko taratibu kutoka juu kwenda chini, kuliko kileleni kwenye foleni ya kibao.

Dalili usizozibishia

Kileleni shinikizo la hewa ni takriban asilimia 57 tu ya lile la Dar es Salaam. Maumivu ya kichwa, kukosa hamu ya kula, kichefuchefu na usingizi wa mang'amung'amu ni mambo ya kawaida kuanzia Saddle. Kwa hayo, pumzika, kunywa maji, na usipande zaidi hadi yapungue. Kuna vidonge vya asetazolamidi ambavyo madaktari huwapa wapanda milima. Muone daktari kabla hujaondoka nyumbani, hasa kama una mzio wa dawa za salfa, una shinikizo la damu, kisukari, selimundu au ujauzito. Mwenye selimundu au anayejua amebeba chembe zake asipande kabla ya kuzungumza na daktari, kwa sababu upungufu wa oksijeni unaweza kumletea hatari kubwa.

Zipo dalili nyingine ambazo hazina mjadala. Mtu anayehema akiwa amekaa, anayekohoa mapovu, anayeyumba kama mlevi anapotembezwa kwenye mstari mnyoofu, au anayejibu mambo yasiyoeleweka, ashushwe saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Asisubiri asubuhi, asiachwe kambini peke yake, asiambiwe ajikaze. Kujikaza tumefundishwa tangu utoto, na mahali pengine kunafaa. Hapa kunaua. Mwambie mwongozaji tangu Momella kwamba ukianza kubisha ukiwa katika hali hiyo, neno lako lisihesabiwe. Askari ana redio, na machela hupatikana. Ndiyo maana ulilipa ada ya uokoaji.

Na ukigeuka kabla ya kilele, umegeuka. Aliyefika Little Meru pengine amepanda mlima mrefu kuliko yote aliyoipanda kabla yake, na kasoko ameiona.

Kushuka

Ukirudi Saddle kutoka kileleni, kula supu, lala saa moja, kisha shuka Miriakamba. Fupisha kucha za miguu kabla ya safari, maana siku hii vidole vinagonga mbele ya kiatu saa nzima baada ya saa nzima. Bakshishi ya timu kubalianeni kundi zima jioni hiyo, na kila mtu akabidhiwe yake mkononi mbele ya wenzake, kuanzia mpagazi mdogo kabisa, badala ya bahasha moja kwa kiongozi.

Asubuhi ya mwisho ni saa mbili au tatu za mbugani hadi Momella, ambako waliofika kileleni huandikiwa cheti. Soma jina lako kabla hujaondoka dirishani. Muulize pia mhudumu saa zako 24 zinakwisha lini. Kama bado unazo, mwambie dereva apitie Maziwa ya Momella kabla ya kutoka Ngongongare. Maji yale ya magadi huvuta heroe, na baada ya siku nne za kutembea unaruhusiwa kuwatazama ukiwa umekaa.